Nyumba Iliyoandikwa Jina la Chapuchapu

Bi Futi hakujua kukaa. Hata akikaa, mguu wake wa kulia ulikuwa kazini. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na miaka mingi ya kukanyaga ilikuwa imemwingia mwilini kiasi kwamba hata kwenye benchi la hospitali, akisubiri kuitwa, kisigino chake kilipanda na kushuka chenyewe, tiki tiki tiki, mpaka watu wa pembeni wanasogea. Jina la Bi Futi alipewa na fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, kwa sababu ya ile futi ya kamba iliyokuwa haimtoki shingoni. Alikwenda nayo sokoni, alikwenda nayo msibani, na inasemekana siku moja aliamka asubuhi akaikuta bado shingoni.

Basi Jumanne ile, mama mmoja mwenye faili la kijani alipoingia na kusimama katikati ya chumba cha kazi, Bi Futi alijua mara moja kwamba huyu hakuja kushonesha. Mteja hutazama vitambaa. Huyu alitazama dari, akatazama dirisha, akauchungulia mlango wa ndani, kisha akahesabu kwa kidole.

"Vyumba viwili, na hiki cha mbele?"

"Na choo uani. Karibu kiti, dada. Unashonesha nini?"

"Asante, nitasimama. Mimi ni mfilisi." Aliona uso wa Bi Futi haujapokea kitu, akaeleza taratibu, kama mtu aliyeeleza jambo hilo mara nyingi na bado hajazoea. "Mtu akifilisika, mahakama inaniweka mimi. Nakusanya mali zake zote, zinauzwa, wanaomdai wanagawana. Mdogo wako amefilisika. Hilo unalijua?"

"Najua duka lake la vipuri limefungwa."

"Na nyumba hii imo kwenye orodha."

Bi Futi alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayerekebisha kosa la karani. "Hapana. Hii nyumba yangu. Nimeinunua mimi, kwa sindano hii."

Yule mama alifungua faili, akatoa nakala ya hati, akaiweka juu ya meza ya kukatia, katikati ya chaki na pini. Kwenye mstari wa mwenye nyumba palikuwa na jina moja tu, nalo halikuwa la Bi Futi.

Mguu wa Bi Futi ukaanza kukanyaga. Hapakuwa na kitu chini yake, sakafu tupu tu, lakini ulikanyaga.

"Sikiliza, mama," mfilisi alisema. "Kitu ambacho mtu amekishika kwa amana ya mwenzake si chake, hata kama kina jina lake. Sheria inalitambua hilo. Wanaomdai hawawezi kukichukua. Lakini amana lazima ithibitishwe, na si kwa kuapa tu. Kila mtu akifilisika ndugu zake wote wanakuja kuniambia gari ni la shangazi na friji ni la mjomba. Una siku kumi na nne. Niletee maandishi."

Akaondoka bila kugusa kitu. Hilo ndilo lililomtisha Bi Futi zaidi. Alikuwa mpole kama daktari.

Sasa, jina la mtu mwingine liliingiaje kwenye nyumba ya Bi Futi? Liliingia kwa haraka, kama mambo mengi ya mdogo wake.

Miaka kumi na moja nyuma, mwenye nyumba aliyekuwa amempangisha Bi Futi alikuwa anahamia mbali na alitaka kuuza ndani ya wiki ile ile. Wiki hiyo hiyo shule zilikuwa zinafunguliwa. Bi Futi alikuwa na sare sabini na tatu mezani, wazazi wamejipanga mlangoni kama wanagawiwa kitu cha bure, na ofisi ya ardhi ilikuwa ya kushinda kutwa nzima kwenye foleni. Angefunga duka siku moja, watoto sabini na watatu wangekwenda shule na nguo za nyumbani. Akampa mdogo wake pesa zote na karatasi zote, akamwambia, nenda wewe.

Huyo mdogo wake tangu utotoni aliitwa Chapuchapu. Ukimtuma chumvi alirudi kabla sufuria haijachemka, ila mara nyingine alirudi na sukari. Siku ile alirudi na hati.

"Dada, imekwisha. Ila karani alikuwa anafunga, akasema anaandika jina la aliyesimama mbele yake na kitambulisho. Nikaweka langu."

"Langu uliliacha wapi?"

"Jina tu hilo, dada. Wiki ijayo tunabadilisha."

Mama yao, aliyekuwa anaishi chumba cha nyuma na ambaye masikio yake yalikuwa yanasikia anachotaka kusikia, safari hiyo alisikia vizuri. Akatoka, akasema hataki baada ya kufa kwake watoto wake waonane mahakamani, kwa hiyo waandikiane. Chapuchapu akachukua karatasi ya kaki iliyokuwa mezani, akaandika, akatia saini. Mama akataka kuweka dole gumba. Wino wa muhuri hawakuwa nao, basi Chapuchapu akavuka barabara mbio, akarudi na kopo la rangi nyeusi ya viatu. Mama akagandamiza gumba lake pale, akakaa siku nne na gumba jeusi kama mtu aliyepiga kura.

Wiki ijayo ilikuja ikapita. Ikaja nyingine. Kulikuwa na sare, halafu kulikuwa na harusi, halafu kulikuwa na sare tena. Kwa miaka kumi na moja Bi Futi alipaka rangi, akaezeka upya upande wa uani, akaweka madirisha ya vioo, na wiki ijayo haikufika.

Jioni ile ya Jumanne Chapuchapu aliitwa. Alikuja polepole, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Kwa nini ulimwambia ni yako?" Bi Futi aliuliza. Alikuwa anashona pindo ambalo lilikwisha kushonwa.

"Sikumwambia yeye."

"Ulimwambia nani?"

Chapuchapu alitazama viatu vyake. "Wakati nakopa, waliniuliza una mali gani. Miaka minne hiyo sasa. Nikasema nina nyumba. Nilikuwa na hati nyumbani, dada, ilikuwa kwenye droo yangu. Nilidhani nitalipa kabla hujajua. Sikuiweka rehani. Niliitaja tu."

Cherehani ikasimama. Mama yao, kutoka chumba cha nyuma, akasema, "Mwanangu hana ubaya, ana haraka."

"Mama, haraka yake itanilaza nje."

"Nitasema ukweli," Chapuchapu alisema. "Nitakwenda nimwambie yule mama nyumba ni yako."

"Na atakuamini kwa lipi? Si wewe uliyewaambia ni yako?"

Chapuchapu alikunja mikono ya shati, akaikunjua, akaikunja tena. Ndugu hawa walifanana kwa hilo. Hakuna aliyejua kutulia na jambo.

Kuanzia asubuhi iliyofuata Bi Futi alianza kuitafuta karatasi. Alikuwa na hakika imo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama, maana mama alisema imo. Sanduku likamwagwa. Kulikuwa na vyeti vya kliniki vya watoto ambao sasa wana vitambi, kulikuwa na redio isiyo na betri, kulikuwa na hereni moja. Karatasi hakuna. Wakainua magodoro. Wakatoa droo zote, wakachungulia nyuma ya kabati, Bi Futi akapanda juu ya kiti akapapasa juu ya boriti akakuta mkasi aliomtuhumu mteja mmoja kuuiba miaka sita iliyopita.

"Usimwambie," mama yake alisema.

"Nitamwambia. Nikishapata nyumba."

Siku tano zikaenda hivyo. Alikata mkono wa blauzi mara mbili upande mmoja. Alimpima mteja kiuno, akaandika, akasahau, akampima tena, mpaka yule mteja akauliza kama amenenepa tangu dakika ile. Akivuka barabara kununua uzi alirudi na sindano. Usiku hakupata lepe la usingizi, na mama yake alimsikia akitembea kutoka ukuta hadi ukuta, akihesabu hatua, kana kwamba anaipima nyumba kabla haijachukuliwa.

Fundi viatu alikuwa anamtazama tu kutoka kibandani kwake, misumari midomoni. "Bi Futi," alimwita siku ya sita, "hizo soli unazimaliza bure. Njoo nizitie raba kabisa."

"Niache, jirani. Roho yangu iko juu juu."

"Naiona. Imefika kwenye paa."

Akacheka bila kupenda, na baada ya kucheka akamweleza yote. Fundi viatu alitoa misumari mdomoni mmoja mmoja. "Rangi ya viatu," alisema. "Naikumbuka siku hiyo. Kopo jipya kabisa, halijafunguliwa. Mdogo wako alilirudisha na alama ya kidole katikati. Nikamwambia, mzee, hiki si kiatu."

"Utasema hivyo kwa mfilisi?"

"Nitasema. Lakini bibi yule atataka karatasi, hatataka kopo."

Siku ya tisa aliletewa kazi ambayo hakuwa na moyo nayo. Mteja alitaka gauni la mtoto wa kike, kitambaa cha mistari, na kitambaa chenyewe kidogo, kimebaki kwenye kazi nyingine. Hapa lazima ieleweke jinsi Bi Futi anavyokata. Ukutani kwake kuna misumari, na kwenye kila msumari kumetungwa karatasi za kukatia: kifua, mgongo, mkono, kola. Hatupi hata moja. Juu ya kila karatasi ameandika kwa penseli nguo ni ya nani, ya shughuli gani, na mwaka. Akitaka kukata, anakunja kitambaa katikati kiwe tabaka mbili, analaza karatasi juu yake, anapita na mkasi mara moja, na pande mbili zinatoka pamoja, kulia na kushoto. Kwa hiyo karatasi inalala upande mmoja tu siku zote, ule wenye penseli juu. Hana sababu ya kuigeuza.

Lakini kitambaa hiki hakikutosha kukunjwa, na mistari yake ilitaka kuoanishwa. Ilibidi akate upande mmoja kwanza, halafu aigeuze karatasi chali akate wa pili. Akatungua msumarini karatasi ya gauni la zamani la umri ule, akakata upande wa kulia. Akageuza.

Mbele yake palikuwa na mwandiko wa Chapuchapu.

Aliweka mkasi chini polepole, kama mtu anayeweka yai. Kwenye kifua cha gauni paliandikwa: *nyumba hii imeandikwa jina langu kwa sababu dada hakuweza kuacha ka*, na hapo mkasi ulipita. Alivuta mgongo msumarini, akaugeuza: *zi ya sare. Pesa zote zimetoka kwake. Nyumba ni*, na hapo palikuwa na tundu la kwapa. Alivuta mkono. Kwenye mkono kulikuwa na gumba jeusi la mama, lote, na mistari yake yote, limepasuka kidogo kama matope yaliyokauka. Saini ya mdogo wake ilikuwa penye shingo, na nusu yake ilikuwa imekwenda na duara la shingo, ikafagiliwa miaka mingi iliyopita.

Alielewa yote kwa mara moja. Karatasi ya kaki ilikuwa imemwishia siku moja, akavuta hii iliyokuwa imekunjwa mezani, upande usioandikwa juu, akaikata. Amekata nyumba yake akashonea mtoto gauni.

Aligeuza tena upande wa penseli. *Kitinda mimba wa fundi viatu. Kumaliza darasa la saba.* Na mwaka. Ulikuwa mwaka wa pili tangu nyumba inunuliwe.

"Mama," aliita, "njoo uone gumba lako."

Ofisi ya mfilisi ilikuwa ghorofa ya pili, chumba kimoja chenye feni iliyokuwa inageuza kichwa kama mtu anayekataa kila anachoambiwa. Bi Futi alikuwa amezipachika zile karatasi kwa pini kwenye shuka jeupe, kila moja mahali pake, na kati yake nafasi tupu pale vipande vilipokosekana. Alilitandaza shuka juu ya meza, juu ya mafaili. Chapuchapu alisimama kando. Fundi viatu alikuwa na bahasha kifuani, ameikumbatia kama mtoto mchanga.

Mfilisi alisoma kwa muda mrefu. Bi Futi alitaka kukaa akashindwa, akasimama dirishani, akarudi, akanyoosha pini iliyokuwa imenyooka.

"Saini ni nusu," mfilisi alisema.

"Nusu nyingine ilikuwa shingo."

"Naona. Na hapa, 'nyumba ni', halafu?"

"Halafu 'yake'. Ilikatwa. Ilikuwa kwapani."

Mfilisi hakucheka, lakini alivua miwani akaifuta, na ilikuwa haina uchafu. "Mama, nitakuuliza kama watakavyouliza wanaomdai mdogo wako. Wao walimkopesha wakijua ana nyumba. Watasema karatasi hii imeandikwa juzi."

"Juzi nisingeikata."

"Watasema umechukua karatasi za zamani, umezipanga, na mdogo wako ameandika juu yake."

Bi Futi hakuwa amelifikiria hilo. Mguu wake ulianza, tiki tiki. Kisha aliinama juu ya shuka na kuweka kidole kwenye ile nafasi tupu, pale palipokuwa na kwapa.

"Angeandikaje hapa?" aliuliza. "Hebu tazama. Neno linaingia kwenye tundu halitoki. Saini inaingia kwenye shingo haitoki. Mtu anayeandika kwenye karatasi zilizokwisha kukatwa anaandika palipo na karatasi. Hakuna anayeandika hewani. Na mtu anayetaka kukudanganya, dada yangu, si angekuletea karatasi nzima?"

Feni iligeuza kichwa huku na huku. Mfilisi aliinua ukingo wa karatasi, akatazama jinsi herufi zilivyokatwa katikati, akaisogeza *ka* ya kifua karibu na *zi* ya mgongo. Zikakutana.

"Ilikatwa lini?"

Hapo fundi viatu alifungua bahasha. Alitoa picha ya watoto wamesimama mbele ya ubao, na kwenye ubao kwa chaki kulikuwa na jina la darasa na mwaka. Binti yake yuko mstari wa mbele, gauni lenye kola pana. Kisha akatoa gauni lenyewe, limekunjwa vizuri, linanuka dawa ya nondo.

"Mke wangu hatupi kitu," alisema. "Nilikuwa nagombana naye kwa hilo. Leo nitamwomba radhi, ila msimwambie kwamba nimesema."

Bi Futi alilaza kifua cha karatasi juu ya kifua cha gauni. Kilikaa, ukiondoa upana wa kidole pale palipoingia mshono. Akalaza mgongo, nao ukakaa.

Mfilisi aliandika kitu kwenye faili la kijani, halafu akamgeukia Chapuchapu, aliyekuwa amesimama muda wote bila kusogea. "Na wewe, uliwaambia ni yako."

"Niliwaambia."

"Uko tayari kusema mahakamani kwamba uliwadanganya? Hilo litakuweka pabaya. Wanaweza kukufungulia shitaka."

Chapuchapu alimtazama dada yake, na dada yake akatazama pini. Hakumsaidia. Miaka kumi na moja alikuwa amemsaidia.

"Nitasema," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alichukua muda kulisema.

Ilichukua wiki saba. Wiki saba hizo Bi Futi alimaliza jozi mbili za kandambili kwa kutembea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wanaomdai Chapuchapu walileta wakili, wakili akauliza maswali yote ambayo mfilisi aliyasema, na mengine. Fundi viatu aliulizwa habari za rangi ya viatu, akaieleza kwa urefu hata hakimu akamwomba afupishe. Chapuchapu alisema alichoahidi kusema. Mwisho barua ikaja: nyumba imeondolewa kwenye orodha, ilikuwa imeshikwa kwa amana. Kuhusu Chapuchapu, barua ilisema kesi yake itasikilizwa peke yake.

Mama alitaka asomewe barua mara tatu. Mara ya tatu aliuliza kama imetaja gumba. Ilikuwa imelitaja.

Jumatatu iliyofuata, wiki ya kufungua shule, Bi Futi alifunga duka. Wazazi walikuta kipande cha boksi mlangoni kimeandikwa kwa chaki, *Nimekwenda ofisi ya ardhi*, na mmoja akasema lazima kuna mtu amekufa. Alikuwa kwenye foleni tangu kabla ya saa moja, futi shingoni, na sketi ya sare mkononi anaitia vifungo akiwa amesimama, kwa sababu mikono ilikuwa haiwezi kukaa bure. Chapuchapu alikuwa nyuma yake, maana saini yake ilihitajika. Hawakuwa wameongea sana tangu mahakamani.

Saa sita mchana foleni ikagoma kabisa. Mguu wa Bi Futi ukaanza.

"Dada, nenda ukashone," Chapuchapu alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nitasubiri. Ikifika zamu, nitakuita, nitakimbia mara moja."

Alisema kwa moyo mweupe. Bi Futi alijua. Alikata uzi kwa meno, akaichomeka sindano kwenye ukosi wake.

"Kaa hapo hapo nyuma yangu," alimwambia. "Leo hatukimbii."

Karani alipomwita hatimaye, alivuta fomu karibu na kushika kalamu. "Jina la mwenye nyumba?"

Bi Futi alinyoosha mkono, akaichukua ile kalamu kutoka vidoleni mwake, akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, akianza mbali na ukingo wa karatasi, pasipofikiwa na mkasi.